MWANAGENZI AU MFANYAKAZI?

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu ndugu mmoja, ambaye kazi yake ni kufagia na kupiga deki wodini, alisimama akauliza swali, na watu wengi wakampigia makofi. Alisema hivi: "Mimi nimefanya kazi hospitalini miaka kumi na tisa. Mshahara wangu haufiki hata nusu ya shilingi 70,000. Hawa madaktari wanagenzi waliambiwa mwaka 2024 ya kwamba watalipwa shilingi 70,000 kwa mwezi, nao wakakataa. Mbona chama kinatuambia tuwaunge mkono? Wao ni nani kwetu?"

Swali hilo ni la haki, wala hatutalifunika kwa maneno matamu ya mkutano. Mtu anayelipwa kidogo ana haki ya kuuliza habari za mtu anayekataa kingi. Hivyo basi tumeona ni wajibu wetu kumjibu ndugu yetu hapa hapa, ili kila mwanachama asome, na asiyeweza kusoma asomewe na mwenziwe.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: Mwanagenzi ni mfanyakazi. Na siku mwajiri atakapofaulu kumvua mfanyakazi mmoja jina lake la kazi, atakuwa amepata ufunguo wa kuingilia katika nyumba zetu sote. Sasa tufuatane taratibu, tuone kama neno hili ni kweli.

KAZI YENYEWE

Kwanza na tuitazame kazi yenyewe. Kijana husoma udaktari chuo kikuu kwa miaka sita. Akimaliza hupewa digrii, lakini sheria haimruhusu kwenda kutibu watu peke yake. Ni lazima kwanza afanye kazi mwaka mmoja katika hospitali iliyokubaliwa na Baraza la Madaktari, akizunguka idara kwa idara: upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Mwaka huo ndio unaoitwa uanagenzi. Yampasa katika mwaka huo awe chini ya daktari mkubwa, anayeutazama mkono wake na kumsahihisha.

Mpango huo ni mwema, nasi hatuupingi. Nani kati yetu anataka mkewe apasuliwe na mkono usiofundishwa? Kitabu peke yake hakijamponya mtu.

Lakini sisi tunaosukuma vitanda, tunaofua mashuka, tunaopika uji wa wagonjwa na kulinda mlango wa usiku, tunayaona yale yasiyoonekana kutoka ofisini. Usiku daktari mkubwa yuko kwake. Akihitajiwa atapigiwa simu. Walioko wodini ni sista mmoja au wawili, na mwanagenzi. Yeye ndiye humpokea mama aliyeletwa kwa pikipiki na uchungu wa siku mbili. Yeye hutafuta mshipa katika mkono wa mtoto aliyekaukiwa na maji kwa kuharisha. Yeye hushona kichwa cha mlevi na mguu wa kijana wa bodaboda. Yeye hukimbia maabara na chupa ya damu mkononi, kwa sababu hakuna mtu wa kutumwa aliyeandikwa kwa zamu ya usiku. Yeye huwaita watu wa nyumbani kando, akawaambia ya kwamba mzee wao amekata roho. Na kunapokucha, wenziwe wa zamu wakienda kulala, yeye huosha uso kwa maji ya bomba akamngoja daktari mkubwa, ili aulizwe habari za kila kitanda, na asipojibu vizuri aaibishwe mbele ya wagonjwa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanagenzi hapewi hata hizo siku mbili. Jembe humngoja mlangoni.

Tutawaambia jambo moja tuliloliona kwa macho, na hospitali yenyewe hatutaitaja. Binti mmoja mwanagenzi alikuwa kazini tangu asubuhi ya jana yake, akapita usiku wote, na ilikuwa sasa yapata saa tisa za mchana. Tulimkuta amesimama mbele ya kabati la dawa, paji la uso limeegemea mlango wa kabati, amelala. Alikuwa amelala wima kama farasi. Mama mmoja mfagizi alimshika mkono akamketisha. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza hali ya mtoto wa kitanda cha nane. Neno lake la pili lilikuwa kuuliza kama kuna mtu awezaye kumkopesha nauli, kwa maana ulikuwa mwezi wa tatu hajapata mshahara, na kule ofisi ya mishahara walimwambia ya kwamba jina lake halimo katika orodha ya wafanyakazi kwa sababu yeye ni mtu wa mafunzo. Aliyemkopesha shilingi mia mbili alikuwa yule yule mama mfagizi.

Ndugu yetu aliyeuliza swali, twakuomba uikumbuke picha hiyo. Tutairudia.

MAJINA MAWILI KWA MTU MMOJA

Angalieni sasa hila yenyewe. Mtu huyu mmoja amepewa majina mawili, na kila jina lina saa yake.

Saa ya kazi yeye ni Daktari. "Daktari, njoo kitanda cha nne." "Daktari, tia sahihi hapa." "Daktari, kwa nini mgonjwa huyu hakuandikiwa dawa?" Mambo yakiharibika, wenye mgonjwa wakija juu, anayetafutwa ni Daktari, na jina lake limeandikwa wazi katika faili. Hapo hakuna mtu anayesema, mwacheni huyu, ni mwanafunzi tu.

Saa ya mshahara yeye ni mwanafunzi. Ghafula anaambiwa ya kwamba hajaajiriwa, ya kwamba anasaidiwa tu, ya kwamba zile fedha ni posho ya kumwezesha kujifunza, na ashukuru.

Twauliza: Je, mwanafunzi wa namna gani huyu? Mwanafunzi hulipa karo ili afundishwe. Huyu karo amekwisha kuilipa miaka sita, na wazazi wengine waliuza ng'ombe na kipande cha shamba kwa ajili yake. Mwanafunzi akikosa kuja shuleni, shule haifungwi. Wanagenzi wasipokuja wodini siku moja, wodi inasimama. Hicho ndicho kipimo chetu, ndugu, nacho ni kipimo rahisi ambacho hata mtoto aweza kukitumia: mwondoe mtu mahali pake, ukaone kama kazi itaendelea. Ikisimama, basi uliyemwondoa alikuwa mfanyakazi.

Watatujibu ya kwamba ni kweli anajifunza. Naam, anajifunza. Nani asiyejifunza kazini? Seremala hujifunza kwa mbao, dereva hujifunza kwa barabara, na karani wa miaka ishirini hujifunza kila zinapoletwa fomu mpya. Kujifunza hakujawa sababu ya mtu kufanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa theluthi ya mtu. Tena, yule anayesema kijana huyu yuko katika mafunzo, na atuonyeshe mwalimu. Saa nane za usiku mwalimu yuko wapi? Kama ni shule, mleteni mwalimu. Kama ni kazi, leteni mshahara. Lakini kutunyima mwalimu kwa kusema ni kazi, kisha kutunyima mshahara kwa kusema ni shule, huko ni kula huku na huku kama popo, ambaye akiitwa na ndege ni mnyama, na akiitwa na wanyama ni ndege.

MLANGO MMOJA

Liko jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha shauri hili.

Mfanyakazi wa kawaida akiuona mshahara ni mbaya, anayo nguvu moja ndogo: aweza kuondoka akatafute kazi kwingine. Hata mpishi wa hoteli aweza kuvua aproni yake. Mwanagenzi hana nguvu hiyo. Bila kumaliza mwaka ule hapati usajili kamili, na bila usajili kamili hawezi kuandikwa na hospitali ya Serikali wala ya misheni wala ya tajiri. Mlango ni mmoja, na ufunguo umo mfukoni mwa yule yule anayepanga mshahara. Asipopangiwa hospitali, hukaa nyumbani na digrii yake ukutani, akila kwa mama, na majirani wakimwuliza, "Daktari, bado?"

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Vijana waliokwisha kumaliza masomo walikaa miezi mingi wakingoja kupangiwa vituo, katika nchi ambayo mgonjwa hulala foleni tangu alfajiri akimngoja daktari. Hebu liwazeni jambo hilo. Daktari anangoja nyumbani, mgonjwa anangoja hospitalini, na kati yao imekaa ofisi ambayo haiwakutanishi. Tarehe 29 Februari 2024 madaktari walipoandamana Nairobi kudai vijana hao wapangiwe kazi, katibu mkuu wa chama chao, Dkt. Davji Atellah, alipigwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoza machozi, akapelekwa hospitalini akiwa mgonjwa yeye mwenyewe.

KARATASI ILIYOTIWA SAHIHI

Sasa tuje kwenye hizo shilingi, maana hapo ndipo ndugu yetu alipokasirika.

Madaktari walitia sahihi mapatano na Serikali mwaka 2013. Mapatano hayo yalilazwa sandukuni, hayakutimizwa. Kwa ajili hiyo waligoma tangu tarehe 5 Desemba 2016 hata tarehe 14 Machi 2017, siku mia moja. Katika siku hizo, mwezi wa Februari 2017, viongozi saba wa chama chao walitiwa gerezani kwa kutousimamisha mgomo, mpaka Mahakama ya Rufani ilipowatoa. Hatimaye mwaka 2017 mapatano mengine yaliandikwa, na ndani yake mshahara wa daktari mwanagenzi uliwekwa shilingi 206,400 kwa mwezi, pamoja na marupurupu yake yote.

Ndugu, kiasi hicho hakikuombwa na vijana wa mwaka 2024. Wengi wao mwaka 2017 walikuwa bado wakijiandaa kwenda chuo. Waliyoyakuta ni mapatano yenye sahihi mbili, ya mwajiri na ya mfanyakazi. Ndipo Serikali iliposema ya kwamba Hazina haina fedha, ya kwamba mwanagenzi ni mtu aliye katika mafunzo, na kwamba atapewa shilingi 70,000.

Kazi haikupunguzwa hata kidogo, wala saa za usiku, wala idadi ya vitanda. Kilichopunguzwa ni fedha peke yake, na kilichotumika kuzipunguza ni neno moja: mafunzo.

Mgomo wa madaktari ulianza katikati ya Machi 2024 ukadumu siku 56. Uliposimamishwa tarehe 8 Mei, mambo mengine yalipatana, lakini jambo la mishahara ya wanagenzi liliwekwa kando likangoje. Lilingoja zaidi ya miezi saba. Mwishoni mwa Desemba 2024, mgomo mwingine ukiwa mlangoni, Serikali ilikubali tena zile shilingi 206,400. Basi mnaona: ilitakiwa migomo, mahakama, na damu ya kichwa cha katibu mkuu, ili mwajiri akubali mara ya pili jambo ambalo alikwisha kulikubali mara ya kwanza.

Hapa ndipo sisi sote tunapoingia. Kama mapatano ya daktari, mtu aliyesoma, mwenye chama chenye nguvu na wakili wake, yaweza kurudishwa nyuma kwa neno moja, je, mapatano ya mfagizi yatadumu siku ngapi?

TATU KWA TANO

Wazee wetu watalikumbuka jambo hili, na vijana na walisikie. Zamani za ukoloni palikuwa na kanuni katika kazi za Serikali za Afrika Mashariki. Tume ya Holmes, katika ripoti yake ya mwaka 1948, ilipendekeza ya kwamba Mwafrika anayefanya kazi ile ile ya Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 iondolewe. Na Waafrika waliosoma udaktari Makerere walipewa cheo cha wasaidizi, hali wakifanya kazi ya daktari mchana na usiku. Ilikuwa hila ile ile: jina dogo, ili mshahara uwe mdogo.

Sasa chukueni kalamu mfanye hesabu. Tatu kwa tano ya shilingi 206,400 ni shilingi 123,840. Mwaka 2024 kijana wa Kenya huru aliambiwa apokee shilingi 70,000, ambazo ni kama theluthi moja. Kanuni ile ya mkoloni, ambayo baba zetu waliiita matusi, ingalimpa zaidi ya hapo.

Hatusemi Serikali yetu ni ya mkoloni. Tulipiga kura sisi wenyewe, na katiba ya mwaka 2010 tuliipitisha sisi wenyewe. Katika kifungu chake cha 41 imeandikwa ya kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, ya mazingira mazuri ya kazi, ya kuingia katika chama na ya kugoma. Kwa sababu hiyo hiyo twasema kwa uchungu zaidi. Jirani akikuibia unapiga kelele. Ndugu yako wa tumbo moja akikuibia unapiga kelele na kulia.

KIBARUA KWA JINA JIPYA

Wazee wa Mombasa walijua hila hii kabla ya madaktari. Kuli wa bandarini alibeba mizigo ya meli mwaka baada ya mwaka, mgongo ukapinda, na bado aliitwa kibarua, mtu wa siku moja, ili asidai nyumba, wala likizo, wala kitu cha uzeeni. Mwezi wa Januari 1947 mji mzima wa Mombasa uligoma, na makuli wa bandari walikuwa mbele.

Leo neno kibarua limechakaa, basi yametafutwa maneno mazuri zaidi. Mwaka 2023 maelfu ya walimu wa sekondari za chini waliandikwa kwa jina la walimu wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Walikuwa na vyeti vyao, na majina yao yalikuwa katika daftari la walimu. Walisimama mbele ya watoto kama mwalimu mwingine yeyote, wakafundisha vipindi kama mwalimu mwingine yeyote. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua ya kwamba Tume ya Kuajiri Walimu haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kwa jina la wanagenzi.

Mnaona njia linayopita? Limeanza kwa mwalimu, likaingia kwa daktari. Kesho atakuwa sista mwanagenzi, keshokutwa dereva mwanagenzi wa gari la wagonjwa, na baada yake mfagizi mwanagenzi, anayejifunza kwa miaka kumi na tisa jinsi ya kushika fagio. Ndugu yetu asicheke. Wenzetu wangapi hospitalini wameandikwa kwa kontrakta, miezi mitatu mitatu, mwaka wa saba sasa, nao huambiwa kila siku ya kwamba bado wanaangaliwa?

WANAOUMIA

Liko neno moja hatuwezi kuliruka, maana tukiliruka tutakuwa waongo. Madaktari wakigoma, wagonjwa huumia. Mwenye fedha huenda hospitali ya kulipa. Anayebaki kwenye benchi ni mkulima, ni mama mboga, ni sisi wenyewe na watoto wetu. Katika zile siku 56 wako wanachama wetu waliorudishwa mlangoni na mgonjwa wao mgongoni. Hatuwezi kuwaambia ya kwamba ilikuwa kazi njema, wala hatutawaambia.

Wakubwa hupenda kutusomea hapo ile methali ya ndovu wawili wapiganao na nyasi zinazoumia. Lakini nani ndovu wa pili? Binti aliyelala wima mbele ya kabati la dawa, asiye na nauli ya kurudi kwake, huyo ni ndovu? Yeye ni nyasi kama sisi. Ndovu ni mmoja tu.

Tena mgonjwa haanzi kuumia siku ya mgomo. Aliumia siku zote ambazo daktari kijana alikaa nyumbani hajapangiwa. Aliumia usiku ule alipotibiwa na mtu ambaye macho yake yalikuwa yanafumba, na hakuna mkubwa wa kumwambia, hapo ndugu yangu umekosea. Aliumia alipoambiwa akanunue glavu na sindano duka la mbele ya lango. Siku hizo hazikuandikwa katika magazeti, kwa sababu hapakuwa na mgomo. Anayetaka kujua uchungu wa mgonjwa asihesabu siku za mgomo peke yake. Ahesabu na siku za kimya.

NENO KWA MADAKTARI WENYEWE

Mpaka hapa tumesema na mfagizi. Sasa tunageuka tuseme na daktari, maana naye anasoma karatasi hii, tena twajua hubandikwa katika chumba cha chai.

Daktari, sisi tumekuunga mkono. Tulisimama langoni pamoja nawe, na wengine wetu walikatwa mshahara kwa sababu hiyo. Lakini twataka kukuuliza: mfagizi wa kontrakta alipofukuzwa bila barua, ulikuwa wapi? Wapishi walipokosa mshahara miezi miwili, ni daktari gani aliyeacha kalamu yake chini hata saa moja? Mwanagenzi wa leo ndiye msimamizi wa kesho. Wengi wenu mkishapata usajili na kiti cha ofisini husahau shilingi mia mbili za nauli. Tena wako waliokuwa wanagenzi jana, ambao leo humwacha mwanagenzi wao peke yake usiku kucha, wakisema, sisi pia tuliteseka hivi hivi. Mateso hayarithiwi kama shamba, Daktari. Ulipoteswa uliona ni ubaya. Na leo ukiwa wewe mtesaji, ubaya ni ule ule.

Umoja wa upande mmoja hauna nguvu, nao ni mzigo kwa anayeubeba. Twautaka umoja wa pande zote mbili.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo, ndugu wanachama, haya ndiyo tunayoomba kila tawi liyajadili na kuyapitisha:

1. Kila daktari mwanagenzi, na kila mwanagenzi mwingine wa hospitali, apewe barua ya kazi siku ya kwanza, nayo itaje mshahara wake kwa mujibu wa mapatano, tarehe ya kulipwa, na saa za kazi zenye mwisho.

2. Anayemaliza masomo apangiwe kituo kwa tarehe inayojulikana mapema. Asiachwe akingoja kama mtu aombaye sadaka.

3. Zamu ya usiku iwe na daktari mkubwa aliyepo hospitalini kwa mwili wake. Simu haiwezi kushika kisu.

4. Mapatano yaliyotiwa sahihi yasifunguliwe na upande mmoja. Hazina ikiwa na shida, mwajiri na aje mezani na vitabu vyake vya hesabu wazi, tuone nani mwingine aliyepunguziwa kabla ya sisi.

5. Wafagizi, wapishi, walinzi na wasukuma vitanda walio katika kazi za kudumu waandikwe kazi za kudumu. Na chama cha madaktari kiombwe kulitia dai hili katika madai yake, kama sisi tunavyoyatia yao katika yetu.

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa tawi, aliyeuliza, wao ni nani kwetu? Ndugu, hatukuambii ya kwamba shilingi 70,000 ni kidogo mbele ya mshahara wako. Ni nyingi, na mshahara wako ni aibu kwa mwenye kuulipa. Lakini anayekuonyesha mshahara wa daktari ili ukasirike, hakusudii kukuongezea wewe. Akimshusha daktari, hata senti moja haitahamia katika bahasha yako. Atakachopata ni mfano, na mfano huo atauleta kwako.

Jibu la swali lako lilikwisha kutolewa na mama mfagizi, mwenzako wa kazi, siku ile mbele ya kabati la dawa. Hakuuliza huyu binti atalipwa ngapi siku za mbele. Alimwona mtu wa kazi aliyechoka, asiyelipwa, akatia mkono katika leso yake. Yeye alimaliza shauri hili kwa shilingi mia mbili, nasi tumehitaji karatasi nzima.

Hudhurieni mkutano ujao. Leteni ada zenu kwa mtunza hazina wa tawi. Na ukiisha kuisoma karatasi hii usiitupe, mpe mwenzako.

UMOJA NI NGUVU, UTENGANO NI UDHAIFU.

Ni sisi wenzenu wa kazi,
Waandishi wa Taarifa ya Tawi